KIKOMBE CHA ALIYEACHA POMBE

Ifuatayo ni hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika. Tumeifupisha kidogo.



Nimepewa dakika chache nizungumzie namna ya kubuni kokteli nyumbani. Naona wengine mmetazamana. Tulieni. Kokteli ninayoisema ni ile mnayoinunua kwa glasi pale stendi, juisi ya matunda yaliyochanganywa, isiyo na kileo. Lakini kabla ya matunda, nina jambo la kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita, baba mmoja katika sharika zetu aliacha gongo baada ya mafundisho ya mradi wetu. Alikaa miezi tisa bila kunywa. Akalipa ada ya watoto, akaezeka nyumba upya. Siku ya kipaimara ya binti yake nami nilialikwa. Mezani kulikuwa na bia, na kata ya mbege ilikuwa ikizunguka. Yeye akapewa soda ya moto. Shemeji yake akamtania: "Siku hizi unakunywa na watoto?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Usiku ule alirudi kwenye pombe, na hakuiacha tena mpaka tulipomzika. Taarifa yetu ya robo mwaka ile ilikuwa imeshamhesabu miongoni mwa walioacha.

Wapendwa, tulimfundisha aache nini. Hatukumwandalia ashike nini mkononi.

Sisi wa mlimani tunajua kinywaji si cha kukata kiu tu. Mbege ya ndizi na ulezi ndiyo tunayoposea, ndiyo tunayopatania, ndiyo tunayomkaribishia mgeni. Anayeruka kata anajiona ameruka undugu. Mwaka 2017 Serikali ilipopiga marufuku viroba tulishangilia, na ilikuwa haki. Lakini marufuku haijazi kikombe. Kule Kana divai ilipokwisha, Bwana wetu aliiokoa nyumba ile na aibu. Je, nani anamwokoa na aibu mgeni wetu asiyekunywa?

Ndipo akina mama wa kikundi kimoja wakaanza kujaribu. Kila nyumba ilibuni kinywaji chake, tukaonja na kuchagua. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, kinywaji cha sherehe kina sehemu tano. Waingereza walikutana na vinywaji vya mchanganyiko kule India katika miaka ya 1600, wakaviita panchi, na wengi wanaamini jina hilo linatokana na neno la Kihindi lenye maana ya "tano": kitu kitamu, kichachu, kikali, chenye harufu nzuri, na maji. Wao mahali pa ukali waliweka pombe. Sisi tunaweka tangawizi. Ukikosa ukali huo, mtu mzima ataona amepewa maji ya sukari.

Pili, tumia kilichopo. Utamu tunao: nanasi, embe, ndizi mbivu. Uchachu tunao: ndimu, pasheni, ukwaju, rozela. Harufu ni mchaichai, mdalasini, iliki au karafuu. Kwa kuanzia, chemsha kikombe kimoja cha rozela kavu katika lita 2 za maji pamoja na tangawizi iliyopondwa, kiasi cha kidole gumba, na majani machache ya mchaichai. Baada ya dakika 10 chuja, acha ipoe. Ongeza vikombe viwili vya juisi ya nanasi na ndimu mbili. Sukari itangulie kuonjwa, isimwagwe tu, maana wenye kisukari nao ni wageni wetu. Rangi yake ni nyekundu ya kupendeza, na hakuna atakayeiita ya watoto.

Tatu, jaribu kidogo kabla ya kufanya kingi. Mimi mwenyewe nilichanganya ukwaju na maziwa. Maziwa yakakatika, na mke wangu akaniambia nirudi ofisini nikaandike taarifa. Tengeneza glasi moja, andika vipimo, badilisha kitu kimoja kimoja.

Nne, usafi na usalama. Maji yachemshwe, matunda yaoshwe, ndoo iwe na mfuniko. Kiandaliwe asubuhi na kinywewe siku ileile, kwa sababu juisi yenye sukari ikilala kwenye joto huchacha na kuanza kuwa pombe. Tena asitokee kijana wa "kuichangamsha" kwa spiriti. Novemba 2000 jijini Nairobi walikufa watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka, kwa pombe iliyokuwa na methanoli. Methanoli haitambuliki kwa kuonja.

Tano, na hili ndilo kubwa: kipewe heshima. Kisikae kwenye ndoo nyuma ya jiko. Kiwekwe meza kuu, katika jagi zuri, kipewe jina, na mwenye nyumba akinywe wa kwanza mbele ya wageni.

Ombi langu kwa kamati ni moja. Kabla ya kipaimara kijacho, kila usharika uwe na kinywaji chake kilichobuniwa na watu wake. Kwa wabia wetu, safari hii hatuombi mashine wala gari. Tunaomba mtuulize, si wangapi waliacha pombe tu, bali wangapi bado hawanywi baada ya mwaka, na tuliwakaribisha kwa nini.

Yule baba sitamwona tena mezani. Lakini yupo mwingine atakayekaa kwenye kiti kama kile Jumapili ya kipaimara. Tumwandalie kikombe.