Kumsikia Mtoto wa Jirani



Tangu kale Ivuna ni mahali pa kukutania. Chumvi yake iliwavuta watu karne nyingi kabla kengele ya kanisa haijasikika katika bonde la Rukwa. Baadaye wafugaji wa Kisukuma walihamia bondeni na ng'ombe wao, wakawakuta Wawanda na Wanyamwanga. Hivyo benchi moja la Shule ya Jumapili huketisha watoto waliobembelezwa kwa lugha tofauti.

Mtoto aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, akiulizwa swali hunyamaza. Mwalimu asiyejua malezi hayo humwita mkaidi, kumbe nyumbani ndiye mwenye adabu. Fimbo ikitangulia, mtoto hupotea, na mama yake pamoja naye.

Matendo ya Mitume, sura ya 6, yaeleza kuwa wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani.

Basi usharika unaoingia karne ya pili una kazi hiyo hiyo: mwalimu afike kwenye kaya, asalimu "Mwangaluka", aketi, asikilize kabla ya kufundisha. Mkalimani naye awe mtu mzima, mtoto asibebeshwe maneno ya wakubwa. Mtoto aliyeeleweka hurudi Jumapili ijayo, naye huja na mama yake.