Popo Wanywao Damu

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twataka kusema nanyi habari za mnyama mdogo ambaye sifa yake imefika mbali kuliko yeye mwenyewe, naye ni popo anywaye damu. Tumechagua habari hii kwa kuwa katika vijiji vingi vya kwetu watoto huambiwa kwamba popo akimkuta mtu amelala humnyonya damu, na kwa ajili ya neno hilo popo wengi hupigwa mawe mchana, nao wamening'inia mitini bila kumdhuru mtu. Basi na tuondoe shaka hiyo kwanza. Katika Afrika nzima hakuna popo hata mmoja anywaye damu. Popo wetu aghalabu hula wadudu au matunda, na yule popo mkubwa wa Pemba, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika futi 5, chakula chake ni matunda.

Wanywao damu wako Amerika tu, tangu Mexico hata Argentina na Chile. Ni aina 3 peke yake, katika aina za popo zaidi ya 1,400 zilizoko duniani. Aina 2 hupenda zaidi damu ya ndege. Ile ya tatu, iliyo nyingi kuliko zote, hunywa damu ya ng'ombe, farasi na nguruwe, na mara nyingine ya binadamu, nayo ndiyo tutakayoieleza.

Msidhani kwamba ni mnyama wa kutisha kwa ukubwa wake. Urefu wa mwili wake ni kama inchi 3 na nusu, na uzito wake hauzidi sana wakia moja. Mchana hukaa gizani pamoja na wenzake, mapangoni, katika miti yenye uvungu, na katika visima vilivyoachwa. Usiku ukiwa mwingi hutoka, wala hapendi mbalamwezi.

Namna yake ya kuwinda yastahili kuangaliwa. Mara nyingi hutua chini karibu na ng'ombe aliyelala, kisha humwendea kwa miguu. Popo wengine wengi wakianguka chini hujikokota tu, lakini huyu hutembea na kuruka, na hata kukimbia. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walimweka juu ya mkanda unaozunguka, wakaongeza mwendo wake, wakamwona akikimbia kwa kujisukuma kwa mabawa kama kwamba ni miguu ya mbele. Masikio yake husikia pumzi ya mnyama aliyelala. Puani pana vishimo vitambuavyo joto, na kwa hivyo, akiisha kukaribia, hujua mahali ambapo damu yapita karibu na ngozi.

Hapo hukata. Meno yake mawili ya mbele ya juu ni makali kama wembe, naye huondoa kipande kidogo cha ngozi, hata ng'ombe aghalabu haamki. Watu humwita mnyonya damu, lakini kwa kweli hanyonyi, bali hulamba kama paka alambavyo maziwa. Mate yake yana dawa izuiayo damu isigande, na kidonda huendelea kuchuruzika maadamu yeye yupo. (Madaktari walijaribu kutengeneza dawa kwa mfano wa mate hayo, ili kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni mwa wagonjwa waliopatwa na kiharusi, lakini majaribio makubwa hayakuonyesha faida iliyotarajiwa.) Kwa muda wa nusu saa hivi hunywa kiasi cha kijiko kikubwa kimoja, yaani karibu nusu ya uzito wake. Angewezaje kuruka na mzigo huo? Huanza kukojoa angali akinywa, akitoa maji ya damu na kubakiza chakula chenyewe, kisha hujirusha juu kwa nguvu za mabawa yake.

Damu ni chakula duni, maana ina maji mengi na mafuta kidogo, wala popo huyu hawezi kujiwekea akiba mwilini. Akikosa kula kwa usiku 2 au 3, hufa. Na si kila usiku apatao. Ndiyo sababu ya desturi yao iliyowashangaza wenye elimu: aliyeshiba humtapikia mwenzake mwenye njaa damu kidogo mdomoni. Gerald Wilkinson aliyewachunguza huko Costa Rica alieleza mwaka 1984 ya kuwa hawapeani ovyo. Humpa mtoto na ndugu, na pia asiye ndugu, ikiwa wamezoea kukaa pamoja. Uchunguzi wa baadaye, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba popo wawili wasiojuana huanza kwa kusafishana manyoya, siku nyingi, ndipo wapeane damu. Kwa maoni yetu hili ni jambo kubwa kuliko yote katika habari za mnyama huyu.

Lakini ana madhara, wala hatutayaficha. Tangu mwaka 1925 ng'ombe wengi katika kisiwa cha Trinidad walipooza miguu wakafa, na mwaka 1929 watu nao wakaanza kufa vivyo hivyo. Hawakuumwa na mbwa, wala hawakuwa wakali, basi madaktari walidhani ni ugonjwa wa kupooza wa watoto. Ni daktari wa huko huko, Joseph Lennox Pawan, aliyetambua pamoja na wenzake kwamba ni kichaa cha mbwa chenye sura nyingine, na ya kwamba huletwa na popo wanywao damu.

Hata popo wetu wasionywa damu hawafai kushikwa kwa mikono. Mwaka 2007 mgeni kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo mdogo huko Tsavo, Kenya, akafa kwao kabla ya mwaka kwisha, kwa ugonjwa ulio jamaa ya kichaa cha mbwa. Jeraha la namna hiyo lioshwe mara moja kwa maji na sabuni, na mtu aende hospitali siku ile ile akachanjwe.

Huko Amerika wafugaji huchanja ng'ombe wao. Tena hukamata popo mmoja, humpaka sumu mgongoni, kisha humwachilia arudi pangoni. Wenzake humsafisha manyoya kwa ulimi kama ilivyo desturi yao, nao hufa. Wengine wametumia baruti na moshi wa sumu mapangoni bila kuchagua, wakaua maelfu ya popo walao wadudu na matunda.

Kwa leo twakomea hapo. Kwaherini.