Mbele ya kufuta video, tutafute kwanza kwa nini programu inakawia kufunguka

Maneno ya timu yetu ya picha na sauti kwa wandugu wa Kasongo na Kabambare waliokuja kujifunza montaji

Muliotoka Kabambare kwa pikipiki, poleni sana, ile barabara tunaijua.

Leo tulipanga kuanza na kukata video na kusafisha sauti. Lakini karibu wote waliotuandikia mbele ya siku hii walileta neno moja: programu ya montaji inakawia kufunguka. Mtu anabonyeza, anaenda kutafuta chai, anarudi, bado inazunguka. Kwa mwenye kuran usiku na mchana, hiyo ni hasira tu. Kwetu ni esansi. Grupe tunaiwasha masaa mawili, na kama robo ya saa inapotea mbele hata ya kuona picha ya kwanza, kazi ya siku hiyo imekwisha kulala.

Tuwaambie yaliyotupata, hata kama yanatutia haya. Wakati wa mvua tulipiga picha za wamama wanaovuka Luama na mizigo kichwani, wakieleza jinsi mgonjwa anavyobebwa wakati maji yamepanda. Tuliwaahidi kwamba kesho yake video itatoka. Jioni tukafungua ordinatere, programu ikakaa dakika 14 bila kufunguka. Mmoja wetu akasema diski imejaa, tufute video mbichi za zamani. Kidole kilikuwa tayari kwenye kibonyezo. Mwingine akasema hapana, tuchukue kotizasyo yote ya wanamemba tukanunue mashini mpya Kindu ao Bukavu. Tukagombana mpaka betri ikazima. Video ilitoka siku ya nne, na katikati ya hizo siku wamama walituuliza mara mbili: sauti yetu mumeipeleka wapi?

Hatukuwa na jibu. Na sababu yenyewe, tulipoipata, haikuwa ile diski wala umri wa ile mashini peke yake.

Programu ikifunguka, haisomi video zote zilizolala ndani ya diski. Video ya mwaka juzi iliyokaa kimya kwenye folda yake haimchelewishi mtu. Programu inatafuta vitu vyake yenyewe: mipangilio, aina za herufi, programu ndogondogo za kuongeza rangi na sauti, kadi ya picha, na mara nyingi ile kazi ya mwisho mulioacha. Kimoja kikikwama, vyote vinangoja nyuma yake, sawa na pikipiki kwenye matope.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuangalia. Programu nyingi za montaji zinaonyesha kisanduku kidogo katikati ya ekra wakati wa kufunguka, na chini yake maandishi madogo yanapita haraka. Yasomeni! Pale yanapokwama, hapo ndipo ugonjwa uko. Siye tulikaa miezi tukitazama ile picha nzuri ya rangi bila kusoma maandishi ya chini. Siku tuliyoyasoma, yalikuwa yamekwama kwenye herufi. Kijana mmoja wa timu anatengeneza mabango ya ndoa, na alikuwa amemwaga ndani ya ile ordinatere mamia ya aina za herufi alizopewa kwa kle. Kifaransa zinaitwa "polices", lakini musiogope, si wale wa kituoni. Tulibakisha zile za mfumo na chache za kazi, nyingine tukaziweka kando kwenye folda ya kawaida. Muda ukashuka toka dakika 14 mpaka 6.

Zile 6 zilizobaki zilitufundisha zaidi. Tulikuwa tunabadilisha kitu, tunafunga programu, tunafungua tena, inafunguka haraka, tunapiga makofi. Kesho asubuhi, tena 6. Tulijidanganya wenyewe. Programu ikifunguliwa mara ya pili, sehemu kubwa bado iko ndani ya kumbukumbu ya mashini, haisomwi tena toka kwenye diski. Kama munataka kipimo cha kweli, zimeni ordinatere, muiwashe upya, mungoje kama dakika mbili itulie, ndipo mufungue programu na saa ya telefone mkononi. Na mubadilishe kitu kimoja tu kila mara, muandike kwenye daftari. Mukibadilisha vitano pamoja, hamutajua ni kipi kiliponya.

Kingine kilichotukuta ni diski ya nje. Kazi ya mwisho ilikuwa na picha zilizokaa kwenye diski ambayo mwenzetu alirudi nayo kwao. Programu ilikuwa inaifungua ile kazi yenyewe, inatafuta faili moja baada ya nyingine na haizipati. Mufanye hivi: kwenye mipangilio muondoe ile tabia ya kufungua kazi ya mwisho. Ikifunguka tupu na haraka, mumejua kosa liko ndani ya ile kazi, si ndani ya programu.

Sasa rezo. Hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Kuna programu zinazotafuta seva zao wakati wa kufunguka, kuangalia leseni ao toleo jipya. Rezo ikiwa hakuna kabisa, mara nyingi zinaona hivyo mara moja na kuendelea. Lakini rezo ile yetu ya kipande kimoja, inayokuja na kukimbia, inazifanya zingoje jibu lisilofika. Kwa hiyo jaribuni mara moja na kiunganisho cha telefone kimezimwa. Kama kunakuwa na tofauti kubwa, mumepata dawa isiyokula hata franka moja.

Na betri. Ordinatere nyingi zikitoka kwenye kuran zinajipunguzia nguvu ili betri idumu, kwa hiyo kila kitu kinatembea polepole. Musilinganishe dakika za kwenye betri na dakika za kwenye grupe. Vumbi pia: mashini ikipata joto sana inajipunguza yenyewe isiungue. Ya kwetu tulipoipangusa tundu la hewa ilitoa vumbi la Kasongo nzima.

Kwa wenye Windows, bonyezeni Ctrl, Maj na Échap pamoja, muende penye neno "Démarrage". Hapo mutaona programu zinazojiwasha zenyewe kila mara mashini inapoamka. Michezo, vitu vya kupiga simu, vitu hata hamukumbuki ni nani aliviingiza. Zimeni vile hamuhitaji. Antivirusi muiache! Ordinatere inayopokea kle za watu wote wa mtaa haiwezi kukaa bila mlinzi.

Hapo tuseme neno ambalo halitapendwa. Wengi wetu tunatumia programu zilizovunjwa, zilizotoka kle kwa kle. Hatujui ni nani alizifungua na aliweka nini ndani. Nyingine zinakawia kwa sababu zimebeba wageni wanaofanya kazi yao kimya. Sisi tunabeba sura na sauti za watu waliotuamini, hatuwezi kuziweka pamoja na wageni wa namna hiyo. Kuko Kdenlive, iliyoanza mwaka 2002, na kuko Shotcut. Zote mbili ni za bure kihalali, zinatembea kwenye Windows na Linux, na munaweza kupitishiana kwa kle bila kuiba mtu. DaVinci Resolve nayo iko na toleo la bure, lakini inaomba RAM ya gigabaiti 16 na kadi nzuri ya picha. Kwenye mashini zetu za gigabaiti 4 itawatesa.

Kama herufi, kazi ya mwisho, rezo na hizo zingine zote zimeangaliwa na bado, jaribuni kuanza na mipangilio mipya. Folda ya mipangilio musiifute, mubadilishe jina lake tu. Programu itajitengenezea mpya, na kama haikusaidia munarudisha ya zamani. Faili za muda, zile programu inazojiwekea ili ionyeshe picha haraka, zinaweza kufutwa, lakini jueni kwamba mara ya kwanza baadaye kazi itafunguka polepole zaidi kwa sababu inazitengeneza upya. Musifanye hivyo jioni ya kutoa video.

Baada ya hayo yote tulibaki na dakika 3. Hapo tu ndipo tulikubali kugusa kotizasyo, na hatukununua ordinatere. Tulinunua diski ya SSD. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5400 kwa dakika, na kichwa chake kinakimbia huku na huku kutafuta maelfu ya faili ndogo. SSD haina kitu kinachozunguka. Sasa programu inafunguka chini ya nusu dakika, kwenye mashini ileile tuliyotaka kuitupa.

Na zile video mbichi? Diski ikijaa kabisa mashini inakosa nafasi ya kupumulia, hiyo ni kweli. Lakini kuhamisha si kufuta. Nakala mbili, kwenye diski mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Fungueni nakala, muitazame inacheza mpaka mwisho, ndipo muondoe ile ya kwenye ordinatere. Picha za Luama ziko hivyo sasa, na wiki ambayo daktari mmoja alituuliza kama tuko na maneno kamili ya wale wamama, tulimpa yote, hata yale tuliyokata.

Basi, maneno yatoshe, grupe iko na masaa mawili tu. Wandugu wa Kabambare, leteni ile ordinatere yenu hapa mbele. Iko imezimwa? Vizuri. Mtu ashike saa.