Nauli ya Kifurushi Kidogo

Leo jembe tuliweke chini kidogo, tushike kalamu. Tunataka kuzungumza juu ya gharama za kuletewa vitu vidogo kutoka mbali: pakiti ya mbegu, nozeli ya pampu ya kunyunyizia dawa, washa ya mpira. Ni vitu vya kutia mfukoni, lakini nauli yake haitii mfukoni.

Tuchukue mkulima wa nyanya wa Mlali, hapo chini ya milima ya Uluguru, mahali njia ya kupanda Mgeta inapopita. Ameona kwenye simu mbegu inayouzwa Arusha kwa shilingi 12,000 pakiti. Mjini Morogoro pakiti kama hiyo ni 15,000. Moyo unamwambia, agiza Arusha, umeokoa 3,000. Hizi tarakimu ni za mfano tu, si bei za duka lolote. Wewe weka za kwako.

Haya, tuhesabu pamoja. Mbegu 12,000. Muuzaji anasema kufungasha ni 2,000. Nauli ya kifurushi kwenye basi 5,000. Kutuma fedha kwa simu, na yeye anakumbusha “weka na ya kutolea”, 1,000. Kifurushi kinashushwa Msamvu, si Mlali, kwa hiyo unapanda gari kwenda na kurudi, 5,000. Jumla 25,000. Pakiti ya 12,000 imekuwa ya 25,000, na bado hujatia mbegu hata moja kitaluni!

Ile ya Morogoro je? 15,000 na nauli yako 5,000, ni 20,000. Na kama siku hiyo ulikuwa unakwenda mjini kuuza nyanya, nauli ya gari usiihesabu upande wowote, maana ungeitoa tu. Hapo ya Morogoro ni 15,000 na ya Arusha ni 20,000. Duka la bei nafuu ndilo limekuwa la bei ghali.

Sasa utauliza, mbona mzigo ni mdogo na nauli haipungui? Sababu ni hii. Karani wa mizigo anaandika stakabadhi ileile, anabandika jina lilelile, na kifurushi kinapakiwa na kushushwa vilevile, kiwe kikubwa kama kiberiti au kama katoni ya sabuni. Posta nao hutoza kwa ngazi za uzito: ngazi ya kwanza unailipa yote hata kama mzigo wako haukuijaza. Unacholipia hasa ni safari na kazi, si uzito.

Na mbegu ni nyepesi mno. Tazama: ukipanda nyanya kwa nafasi ya sentimeta 60 kwa 60, eka moja inachukua miche 11,000 na ushei. Gramu moja ya mbegu ya nyanya ina mbegu kama 300. Kwa hiyo gramu 40 zinatosha, ukiongeza za kufidia zisizoota na miche itakayokufa ziwe 50. Eka nzima ina uzito wa yai moja la kuku! Anayeagiza nusu leo na nusu mwezi ujao analipa safari mbili kwa yai moja.

Dawa yake mnaijua, ni kuagiza pamoja. Wakulima 10, pakiti 10: mbegu 120,000, nauli tuseme imepanda hadi 6,000, kufungasha 2,000, kutuma fedha 3,000, mtu mmoja kwenda Msamvu 5,000. Jumla 136,000. Kila mmoja 13,600, badala ya 25,000. Hapo ndipo Arusha inaishinda Morogoro.

Lakini tahadhari. Agizeni pakiti 10 zilizofungwa kiwandani, msiagize kopo moja kubwa mkaja kugawana kwa kijiko. Mbegu ikishatoka kwenye kifungashio chake haina tena lebo ya TOSCI, haina namba wala tarehe ya mwisho wa matumizi, na isipoota hamna pa kushika. Wanaouza mbegu bandia wanapenda sana mbegu ya kijiko. Fedha zikusanywe na watu wawili, ziandikwe daftarini, na wekeni siku ya mwisho: asiyeleta siku hiyo aachwe. Mche wa nyanya unakaa kitaluni kama wiki 4, basi mkimngoja mwenzenu wiki 3, hasara ya msimu inapita hiyo nauli mnayoikimbia.

Jambo hili halikuanza kwetu. Marekani, kabla ya mwaka 1913, posta yao haikupokea kifurushi kinachozidi ratili 4. Wakulima wa vijijini waliagiza vitu kwa vitabu vya maduka ya mbali, nao walikuwa mikononi mwa kampuni binafsi za mizigo. Vyama vyao vya wakulima vilipiga kelele miaka mingi, mpaka tarehe 1 Januari 1913 posta ilipoanza kubeba vifurushi hadi ratili 11, yaani kilo 5 hivi.

Msielewe kwamba nauli ikizidi bei ya kitu basi usiagize. La. Washa ya pampu ni 1,000, kuifikisha kwako 8,000. Inaonekana wazimu, sivyo? Lakini kama washa hiyo haipatikani Mlali wala Morogoro, na pampu nzima mpya ni 60,000, agiza washa. Agiza na mbili za akiba humohumo, nauli haitabadilika.

Dawa za kuua wadudu usizitie katika hesabu hii. Posta haipokei sumu, na chupa ya sumu haifai kukaa na unga wa watu katika buti ya basi. Hizo nunua mwenyewe kwa muuzaji mwenye kibali.

Kabla hujatuma hata senti, muulize muuzaji swali moja: “Mpaka mkononi mwangu Msamvu, jumla ni shilingi ngapi?” Akitaja bei ya mbegu peke yake, muulize tena. Muulize hiyo 2,000 ya kufungasha ni ya nini. Kama ni bahasha ya karatasi tu, mwambie apunguze. Mwombe risiti, na akupigie picha ya stakabadhi ya basi. Ukifika Msamvu, fungua kifurushi palepale mbele ya karani, hesabu pakiti, soma tarehe moja moja, ndipo utie sahihi.