Tulio Mbali na Tulio Karibu
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Ujiji



Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa wanawake 22 chini ya mwembe, hapa hapa Ujiji. Hela ilihesabiwa kwa sauti, mhuri ukagongwa kwenye kijitabu, kila mtu akiona. Usipofika, jirani alikuja kukugongea mlango kabla katibu hajaandika faini. Umeumwa? Umegombana na mzee? Tulijua siku ile ile.

Lakini sisi wengi ni watu wa dagaa, na mama wa dagaa huwafuata wanakotua. Mmoja akahamia Mwamgongo, wawili Kagunga kule mpakani na Burundi, mwingine Sunuka, mwingine akashuka hadi Kalya. Huko huondoki asubuhi ukasema jioni nitarudi. Unakaa mwaloni, unaanika, unalala chumba cha kupanga, na jirani humjui. Tukasema basi, simu ipo. Hisa zikaanza kuja kwa simu, mweka hazina akawa anasoma ujumbe mbele ya mkutano ili pasiwe na maneno. Maneno hayakukosekana, ila hayo tulishayamaliza na leo hatuyafukui.

Ukaja mwaka 2024. Ziwa likafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Sababu tuliielewa, maana hata sisi tuliona dagaa wanavyopungua. Lakini miezi mitatu bila mzigo ni mirefu. Wenzetu wakatawanyika zaidi, huyu Kasulu kwenye maharage, yule Uvinza kupika mgahawani.

Yule wa Kalya akabaki Kalya. Na kila Alhamisi hisa yake iliingia, haikukosa hata wiki moja. Sisi huku tulikuwa tukimpigia makofi! Tulimtolea mfano kwa walioshindwa kulipa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza, ziwa limefungwa, hela hii anaitoa wapi?

Habari tuliletewa na utingo wa boti. Wawili wetu wakashuka kwenda. Wakamkuta amekonda, homa wiki ya tatu, na deni kwa mkopeshaji wa riba linalozidi akiba yake yote. Hisa zile zilikuwa za kukopa. Tukamwuliza, dada, mbona hukusema? Akajibu, "Mngesoma jina langu halina kitu. Nani angeuliza kwa nini?"

Hilo jibu lilituumiza. Tulikaa kikao hadi saa mbili usiku, wengine tukalia, wengine tukalaumiana. Mfuko wa jamii ukalipa dawa na nauli. Deni tulichangishana, na hadi sasa halijaisha lote.

Tangu hapo tuna utaratibu mpya. Kila aliye mbali ana mwenzake aliye hapa, wanapigiana simu Jumanne. Ujumbe wa maandishi hauhesabiwi, kwa sababu sauti ya mgonjwa unaisikia hata akisema hajambo. Na siku hiyo ni marufuku kutaja hisa. Waulizana umelala vipi, umekula nini, nani anakuchotea maji. Ukitaja hisa, faini shilingi 500, na hata sisi viongozi tumeshalipa. Msimu wa kufunga ziwa, asiye na hela atasema sina, na jina lake litasomwa bila faini.

La pili, mkutano mkubwa tumeuhamishia siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hawatoki, basi mama wa mwaloni anaweza kupanda boti akaja. Miaka tisa tuliita mkutano kwa kalenda ya ukutani, halafu tukawanung'unikia wasiofika! Na ufunguo mmoja wa sanduku unakaa Kagunga. Wapo waliosema tuurudishe. Tumekataa. Asipokuja mwenye ufunguo hatufungui, na kwa hiyo tunahakikisha anakuja, au tunakwenda kumwona.

Bado yapo matatizo. Makato ya kutuma hela yanawala walio mbali peke yao, na tunaomba wanachama wakubali leo yalipwe na mfuko. Kuna vijiji lazima upande mlima ndipo mtandao ushike, na mwenye goti bovu hapandi. Wenye simu kubwa wanatumiana picha na sauti, wenye kitochi wanasikia baadaye kama wageni. Hilo hatujalipatia dawa.

Mwenzetu wa Kalya hakufika leo, mtoto wake ana mtihani. Kapiga simu asubuhi kuuliza kama pilau ina nyama ya kutosha. Ndugu Mgeni Rasmi, tunakukaribisha mezani. Akina mama, kabla ya kuchukua sahani piteni kwa katibu. Kuna namba nne kwenye orodha yake hazipatikani, na zote ni za walio mbali.