Shangazi Alipouliza, "Mji Wenyewe Uko Wapi?"

Hotuba ya mzazi katika sherehe ya Uhuru, Upplands Väsby

 

Nimepewa dakika tano, na mama watoto amenionya nisizidishe, maana pilau inapoa.

Kiangazi kilichopita dada yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga. Tulimpokea Arlanda, na muda si mrefu tukawa nyumbani. Kesho yake tulitembea naye: kituo cha treni, magorofa, maduka ya Väsby Centrum, barabara ya E4 na magari yake. Akatazama huku na huku, kisha akaniuliza, "Sasa kaka, mji wenyewe uko wapi?"

Nilicheka, lakini niliona aibu. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi ndugu wakiniuliza ninaishi wapi, nimekuwa nikijibu "Stockholm". Picha ninazowatumia nimepiga Gamla Stan, mbele ya majumba ya watu. Basi nikamjibu, "Hapa ni mahali pa kulala tu, dada. Kesho tutapanda treni nikupeleke mjini."

Binti yangu ana miaka 12 na amezaliwa hapa. Akasema, "Baba, kwa nini unapasema vibaya kwetu?"

Neno hilo "kwetu" lilinichoma. Mimi kwetu ni Tanga. Yeye kwao ni hapa, na mimi baba yake nilikuwa ninamfundisha kupaonea haya.

Akamshika shangazi yake mkono, akampeleka Messingen, lile jengo la maktaba na shule karibu na kituo. Akamweleza kwamba jina hilo linakumbusha shaba ya manjano, kwa sababu Väsby ulikuwa mji wa viwanda, na kimojawapo kilichovuma sana ni Optimus, kiwanda cha stovu za mafuta ya taa. Dada akasimama ghafla. "Stovu zile za kupampu?"

Ndizo hizo. Wazee mnazikumbuka: unamimina spiriti kidogo, unawasha, unapampu mpaka inanguruma, na ikiziba unaichokonoa kwa sindano. Stovu ya Primus ilianza mwaka 1892 kwa kazi ya Mswidi Frans Wilhelm Lindqvist. Kampuni ya Optimus ilianza mwaka 1899, na baadaye ikawa na kiwanda chake hapa Väsby. Mwaka 1962, mwaka ule ule Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Optimus ilichukua pia utengenezaji wa stovu za mafuta za Primus.

Mama yetu alikuwa na stovu ya namna hiyo, ubavuni imeandikwa kwamba imetengenezwa Uswidi. Aliikaangia maandazi kila alfajiri, na maandazi hayo ndiyo yaliyotulipia ada mimi na dada. Hatukuwahi kujiuliza Uswidi ni wapi, wala ni mikono ya nani iliyoitengeneza.

Nina jirani, mzee wa Kifini. Wafini wengi walikuja Uswidi kufanya kazi viwandani miaka ya 1960 na 1970, na hapa Väsby bado ni wengi. Nilipomsimulia habari ya stovu ya mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata wageni wetu kutoka Ufini walikuwa wakisema hapa hakuna mji. Sisi hatukujali, tulijua tunachokitengeneza."

Ndugu zangu, mgeni ana haki ya kusema alichokiona. Lakini sisi si wageni tena. Ndani ya ukumbi huu wamo wanaoamka saa kumi za usiku kwenda kazini Arlanda, wanaolea wazee wa watu, wanaoendesha mabasi, wanaofundisha watoto. TANU ilipotufikisha kwenye Uhuru, 9 Desemba 1961, ilitupa kaulimbiu: Uhuru na Kazi. Waliotangulia hapa waliishi kwa kazi, na sisi tunaishi kwa kazi. Hakuna cha kuonea aibu.

Nina maombi mawili. Wazazi, wageni wakija, matembezi tuyaanzie hapa Väsby, Stockholm haikimbii. Watoto, leo jioni pigeni simu kwa bibi na babu, muwaulize zamani walikuwa wakipikia nini. Mtashangaa mtakayoyasikia.

Dada aliporudi Tanga alitafuta, akalikuta tangi la stovu ya mama uvunguni mwa kitanda, limepata kutu ya kijani. Alilipiga picha akaituma, na binti yangu ameibandika ukutani juu ya meza yake ya kusomea.

Nami siku hizi nikiulizwa, ninajibu: ninaishi Väsby.

 Uhuru oyee!