Dalali Asiyepokea Simu

  

Tumepewa dakika chache tuzungumzie kuuza mali ukiwa mbali. Tutaeleza yaliyotupata sisi wenyewe, watoto wanne wa baba mmoja.

Marehemu mzee wetu alizaliwa Maneromango. Maisha yake ya kazi yalikuwa Kibaha, kwenye Shirika la Elimu, lile lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Alijenga nyumba ya vyumba vitatu Tumbi. Alipofariki, mama alirudi nyumbani Kisarawe. Sisi tuko Mwanza, Arusha, Dodoma, na mmoja yuko Muscat. Tulikubaliana nyumba iuzwe shilingi milioni 60, mama ajengewe karibu na ndugu zake na atibiwe presha ya macho.

Dalali tulielekezwa na jirani. Wiki ya kwanza alipiga simu kila siku. Tukamtumia hela ya kufyeka majani na ya rangi, tukamwachia na funguo. Wiki ya tatu simu ikaanza kuita bila kupokelewa. Ujumbe wa WhatsApp ulionyesha tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Tukimpata kwa namba ngeni, husema, "Mteja yupo, anakuja Jumamosi." Jumamosi zikapita hadi tukaacha kuhesabu.

Mama naye alikuwa akipiga: "Wanangu, ile nyumba imefikia wapi?" Hatukuwa na la kumwambia. Polepole, na sisi tukaanza kuchelewa kupokea simu yake.

Mwezi wa saba mdogo wetu alipanda basi kutoka Dodoma, akakaa Kibaha siku tatu. Aligundua kwamba wateja watatu walikuwa wamefika, na kila mmoja alitajiwa milioni 75. Milioni 15 zilikuwa cha juu. Kumbe dalali hakuwa amelala. Alikuwa akimsubiri mtu wa kumlipa cha juu chake. Na chumba cha nyuma alikuwamo mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita, ambayo hatukuiona hata shilingi.

Nyumba iliuzwa mwezi wa tisa kwa milioni 54, kwa mwalimu aliyekuwa akipita mbele yake kila siku. Tulimpeleka mama kwa daktari. Akatuambia jicho la kushoto tumechelewa. Presha ya macho ikishaua uoni, haurudi.

Dalali alikosea. Lakini miongoni mwetu yumo mhasibu, ambaye ofisini halipi nauli ya bodaboda bila risiti, na kwa nyumba ya baba yake hakuandika hata nusu karatasi. Kwa hiyo tunawasihi haya.

Mwandikieni dalali mkataba: bei, ada yake, muda wa siku 90, na kwamba cha juu hakiruhusiwi. Funguo ashike ndugu, si dalali. Mali ya marehemu iuzwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenza; ipateni kwa maandishi. Fedha zipite benki. Na msisahau kodi ya faida iliyotokana na mauzo. Iwekeni kwenye hesabu kabla hamjaanza kugawana.

Ndugu zetu, sasa tuseme kama kamati ya fedha ya chama hiki. Mwaka jana mlichangia bweni la wasichana. Wengi wenu mko mbali, kama sisi tulivyokuwa. Mliuliza kwenye kundi: "Matofali yamefika? Fundi ameanza?" Tulisoma. Tiki zikawa za bluu. Hatukujibu. Fedha zenu zipo, hesabu imebandikwa mlangoni leo, haikupotea hata senti. Lakini mtu aliye Mwanza atatofautishaje kimya chetu na kimya cha yule dalali? Tunaomba radhi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msimamizi wa mirathi hutakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali, kisha hesabu ya alivyozigawa. Sisi tulioshika mali ya walio hai tusipungukiwe na hayo. Kuanzia mwezi ujao, kila tarehe 5 mtapata taarifa ya benki na picha za ujenzi. Swali la mwanachama litajibiwa ndani ya siku mbili, hata kama jibu ni "bado".

Bweni limefika kwenye lenta. Zimebaki mbao, bati, milango na vitanda. Wako mabinti wanaotoka nyumbani gizani na kurudi gizani, na wao hawawezi kungoja Jumamosi zisizofika. Tuchangie leo, kila mmoja kwa uwezo wake.

Na ukipiga simu kuuliza pesa yako imefanya nini, itapokelewa.